Mita Kumi na Nane za Mkanda

Sheffield, 2 Machi 2025

Baba Mkubwa Desmond,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu huisikii na kompyuta umeikataa, kwa hiyo usianze kulalamika kwamba mwandiko wangu mbaya.

Sanduku la mfano la albamu yenu limekufikia? Kampuni ya santuri wanasema walilituma huko Settle wiki mbili zilizopita na hujawajibu. Oktoba albamu yenu inatimiza miaka hamsini, na bila sahihi za wanabendi walio hai hakitoki kitu. Rodney alisaini siku ile ile, tena akawapelekea na picha yake mpya, nywele kazipaka rangi nyeusi tii, mzee mzima. Bendi yenu ya Tanuru mlikuwa watu watatu. Baba yangu ni marehemu, mwimbaji kasaini, mpiga ngoma kanuna.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya sahihi. Kuna binti anaitwa Anjali, ndiye fundi sauti anayezisafisha kanda zenu za zamani. Ameniambia mlikuwa mnaacha mashine inazunguka hata mkiwa mnapumzika, kwa hiyo katikati ya nyimbo mna maneno, mna vikombe vya chai, mna Rodney akitukana. Nimesikiliza kanda nane. Baba yuko mbali na kipaza sauti, nasikia anakohoa tu. Mkanda wa tisa, wa siku ile ya mwisho, ndio ambao walimwekea kipaza sauti karibu na kiti chake. Na huo haupo. Kwenye daftari la studio limeandikwa jina la mkanda, halafu pembeni kwa wino wa kijani: "Umechukuliwa, D.T."

D.T. ni Desmond Thackray au ni nani?

Nilikuwa na miaka miwili na miezi mitatu alipokufa. Picha zake ninazo, koti lake ninalo, gitaa ninalo. Sauti yake sijawahi kuisikia. Alikuwa haimbi, na nyumbani hatukuwa na kinasa sauti. Watu wa Japani na Brazili wanajua gitaa la baba yangu noti kwa noti, na mimi sijui alikuwa akisema "habari za asubuhi" kwa sauti gani. Kama mkanda unao, nipe.

Wako,
Lorna

*

Settle, 9 Machi 2025

Lorna mwanangu,

Marahaba. Salamu nyingine utazikuta mwishoni kama hasira zitaniachia nafasi.

Sanduku limefika. Nimelifungua mezani, nikalifunga, nikalifungua tena kwa sababu sikuamini macho yangu. Sisi tulitengeneza nyimbo tisa. Tisa! Tulikaa wiki tatu kwenye lile kanisa bovu tulilogeuza studio kule Derbyshire, tukachagua, tukatupa, tukagombana, zikabaki tisa. Hawa watu wamekwenda jalalani wakaokota kila tulichotupa, wakakiweka kwenye diski nne na kukiita zawadi. Nani aliyewaambia tulitupa kwa bahati mbaya? Wewe unapikia watoto mia tatu shuleni. Siku ukistaafu, wakuwekee maganda yote ya viazi uliyomenya kwenye sahani ya dhahabu, utafurahi?

Halafu wameitengeneza upya ile albamu yenyewe, eti isikike "kama uko chumbani nao". Masikio yangu yamekwisha, lakini nimeweka kiganja juu ya spika na ngoma zangu nazijua kwa mkono. Wamezisogeza pembeni zote. Miaka hamsini zilikuwa katikati! Santuri wameipaka rangi ya chungwa. Kuna bango, kuna kikombe, kuna kitabu chenye kurasa sitini za watu ambao hawakuwepo wakieleza jinsi ilivyokuwa.

Na kuna ile pakiti ya nyuzi za gitaa. Hiyo ndiyo imenifanya nisimame nitoke nje nizunguke bustani. Pakiti ya nyuzi, imenakshiwa, ina tarehe aliyokufa mdogo wangu, eti "kwa kumbukumbu ya safari yake ya mwisho". Hawana haya hawa? Waambie waitoe. Waambie nimesema wapumbavu.

Mkanda wa tisa haupo. Paa la lile kanisa lilikuwa linavuja, vitu vingi viliharibika. Sisaini.

Baba yako mkubwa,
Desmond

*

Sheffield, 14 Machi 2025

Baba Mkubwa,

Paa halikuvuja. Nimempigia mwenye lile kanisa. Baba yake ndiye aliyewakodisha, na anasema kanda zote zilikaa kwenye kabati la chuma chumbani kwao wenyewe mpaka kampuni ilipokuja kuzichukua. Usinifanye mtoto. Nina miaka hamsini na miwili, magoti yananiuma, na uongo naujua ukiingia mlangoni.

Kuhusu nyuzi, nimeshangaa kuliko ulivyoshangaa wewe. Hadithi ya nyuzi wameitoa wapi? Kwako! Mwaka 1985 ulimwambia mwandishi wa gazeti, na kabla ya hapo ulishamwambia Mama, na ukaniambia mimi nikiwa na miaka saba umenikalisha gotini: mdogo wako Neville alikatikiwa na uzi wa gitaa, akatoka saa kumi kwenda kununua nyuzi, ukungu ukamkuta mlimani, gari likaacha barabara. Ndivyo nilivyokua nikijua. Sasa unakasirikia hadithi yako mwenyewe?

Na nikueleze jambo ambalo Mama hakukwambia maana alikuwa anakuheshimu. Alikufa mwaka jana bado ana hasira na Baba. Hasira kabisa. Alikuwa akisema, "Kaniacha na mtoto mdogo kwa ajili ya nyuzi ambazo angeweza kununua kesho yake." Hakuniruhusu kushika gitaa. Lile la Baba lilikaa juu ya kabati limefungwa kwa kamba, na nilipoligusa siku moja nilichapwa. Kwa hiyo msinichezee na nyuzi, wewe na hao wa kampuni.

Kampuni wanafunga kazi tarehe 30 Aprili. Mimi kampuni sina haja nayo. Anjali ndiye mwenye mashine ya kuuchezesha huo mkanda, na baada ya Aprili anahamia kazi nyingine. Baada ya hapo nitaupeleka kwa nani, kwa fundi wa redio?

Nipe mkanda. Naomba. Ukiona Thackray anaomba ujue yamemfika.

Lorna

*

Settle, 27 Machi 2025

Lorna,

Anayeleta barua hii amebeba na mkanda. Ni Bwana Horsfall wa duka la vifaa, anakuja Sheffield kila mwezi kwa daktari wa macho. Nimemwambia asiuweke karibu na injini wala redio ya gari.

Umekaa chini ya kitanda changu tangu 1975. Nimehama nyumba nne nao. Chukua.

Usiniulize lolote juu yake. Na bado sisaini.

Desmond

*

Sheffield, 11 Aprili 2025

Baba Mkubwa,

Nimemsikia.

Nakwenda kwa utaratibu nisiruke kitu. Anjali alisema mkanda wa umri huo ukiuchezesha hivi hivi gundi inanata, unamwaga unga wote wa sauti kwenye mashine, na hapo ndiyo basi tena. Inabidi kwanza uokwe. Ndiyo, kwenye tanuri. Moto mdogo sana, kwa muda wa saa nane. Nilikaa London kwa Anjali kwenye kigoda mbele ya tanuri kama ninavyokaa na keki za Krismasi, nikachungulia kila dakika kumi mpaka binti akanitoa nje.

Ana sauti nyembamba! Mimi miaka yote nilimwazia sauti nzito, kama yako. Nyembamba, ina mkwaruzo kidogo, na "s" yake inapiga mluzi. Anamwambia Rodney, "Sogeza mguu wako, umekanyaga waya wangu." Anamwambia mtu, "Hii chai imechemshwa na maji ya kuogea?" Nilicheka mpaka Anjali akaniletea karatasi za kupangusa macho. Sentensi zake nimezihesabu, ni sita. Ya sita anakwambia wewe: "Des, vidole vimekufa ganzi, siwezi tena."

Halafu hakuna kitu. Mlango unabamizwa, na Rodney anauliza, "Kwani kaenda wapi?"

Anjali akasimamisha mashine. Akaniita nije nitazame. Kwenye mkanda pana kiungo, kipande cheupe cha utepe wa gundi, na mkanda umekatwa mshazari kwa wembe, safi kabisa, kazi ya mtu aliyefundishwa. Kati ya vidole vya baba yangu na huo mlango pamekatwa kitu. Na mkanda ulikuwa chini ya kitanda chako.

Miaka hamsini sina sauti ya baba yangu, napata sentensi sita, na ya saba umeikata kwa wembe? Ulikuwa na haki gani? Wewe ulikuwa kaka, mimi ni mtoto wake. Kiko wapi hicho kipande? Kina nini?

Lorna

*

Settle, 16 Aprili 2025

Lorna,

Mmemwoka ndugu yangu kwenye tanuri. Nimeisoma barua yako mara tatu nikidhani macho nayo yamefuata masikio.

Viungo ni kitu cha kawaida. Tulikuwa tunakata kila siku. Aliyetufundisha alikuwa anakata kikohozi katikati ya wimbo na husikii kitu. Inawezekana kulikuwa na kelele, nikaondoa.

Ulitaka sauti, umepata sauti. Usiwe mlafi.

D.T.

*

Sheffield, 18 Aprili 2025

Mlafi?

Mimi mlafi? Wewe uliyelala juu ya sauti ya baba yangu miaka hamsini kama kuku juu ya yai, mimi ndiye mlafi?

Sikiliza, na kama husikii basi soma polepole. Unadhani kwa kukikata kipande umekiondoa. Hujakiondoa, umeniachia mimi nikijaze. Tangu nirudi kutoka London sijalala. Alikuwa amelewa? Alikuwa na mwanamke huko mbele ya safari? Maana nimetazama ramani, Baba Mkubwa, jambo ambalo Mama hakuwahi kulifanya. Duka la ala za muziki lilikuwa Buxton, upande mwingine kabisa. Gari lilikutwa barabara ya Sheffield, ambako saa hizo maduka yote yangekuwa yamefungwa kabla hajafika. Hakuwa anaenda kununua nyuzi. Na kama alikuwa anarudi tu nyumbani kwetu, ungeficha nini? Sasa alikuwa anakwenda wapi? Alikuwa anatukimbia? Alisema kwamba amechoka na mimi na Mama, ukakikata ili tusisikie?

Kama ni hivyo niambie ni hivyo. Nimeshamwazia kila ubaya, hakuna utakachoongeza. Au niandikie kwamba kipande ulikichoma, nijue, nikuchukie kwa utulivu.

Ila usinitumie tena barua iliyosainiwa herufi mbili, mimi si kampuni.

Lorna Thackray, binti Neville

*

Settle, 22 Aprili 2025

Lorna mwanangu,

Hakuwa amelewa. Hakuwa na mwanamke. Hakuwa anawakimbia. Futa hayo yote, ni mimi niliyekutia kwenye hayo.

Siku ile tulikuwa tumerudia wimbo wa mwisho mara kumi na moja. Toka asubuhi alikuwa analalamika vidole, lile kanisa lilikuwa baridi kama friji ya bucha, na hita ya kuotea moto tulikuwa nayo moja, ilikuwa karibu na mimi. Karibu na mimi, umesikia? Sikuisogeza. Akasema vidole vimekufa ganzi, siwezi tena. Mimi nikatupa fimbo za ngoma chini nikamwambia: "Wewe kila siku kuna kitu kinakuuma. Mama alikudekeza, na mkeo anakudekeza. Kama kazi ya wanaume imekushinda, toka, nenda nyumbani ukalee mtoto."

Akatoka, akapishana mlangoni na Rodney aliyekuwa nje akivuta sigara na hakusikia kitu. Mwenye kanisa alikuwa amekuja mchana kutuonya kwamba mlimani kuna ukungu, watu wasisafiri. Nilikuwa nimemsikia kwa masikio haya wakati yanasikia. Nikamwambia toka.

Alichonijibu sikijui. Nilikuwa nimeokota fimbo na kuanza kupiga ngoma kwa nguvu ili nisimsikie. Nilijua tu amejibu kwa sababu midomo yake ilitembea. Baada ya muda wa saa mbili polisi wakaja.

Nyuzi nilizibuni pale pale mlangoni, mbele ya polisi. Yalinitoka tu. Kisha nikamwambia mama yako, kisha ikawa ndiyo historia, na sikuweza tena kuirudisha. Sikujua kwamba Maureen, mama yako, alimkasirikia. Naapa sikujua. Nilidhani nyuzi ni kitu kidogo kisichomuumiza mtu. Aliniletea keki kila mwaka siku yangu ya kuzaliwa, na mimi nikaila.

Wiki moja baada ya mazishi nilikwenda kule studio na ufunguo wangu wa lile kabati la chuma, nikasaini daftari, nikakata. Ni mita kumi na nane, sekunde arobaini na saba. Sikukisikiliza kipande, nilitafuta mwanzo na mwisho wake tu. Nilikata kuanzia neno langu la kwanza mpaka mlango unapobamizwa. Kisha nikashindwa kukichoma. Baadaye nilipopata ujasiri wa kukisikiliza, masikio yalikuwa yamekwisha. Kimo kwenye kopo la biskuti analokuletea Bwana Horsfall pamoja na barua hii, nimekiviringisha vizuri, upande wa kuanzia uko nje.

Nimesaini karatasi za kampuni, zimo ndani. Lakini kwa sharti moja. Hicho kipande kiwemo. Wakiunge pale pale kilipotoka, wakiweke kwenye diski, waandike kitabuni nani anasema nini, na jina langu kamili. Wale wote wanaonitumia barua kwamba mimi ni gwiji, wanunue na hilo. Pakiti ya nyuzi watoe, waweke ukweli.

Sikuombi kitu.

Baba yako mkubwa,
Desmond

*

Sheffield, 29 Aprili 2025

Baba Mkubwa,

Nimetoka London jana. Anjali alikioka kipande peke yake, akakiunga, akaniachia chumba.

Karatasi zako nimewapa kampuni, na nimewaambia nyuzi zitoke, zimetoka. Lakini sharti lako nimelikataa, na sitaki ubishi. Kipande hakiingii kwenye sanduku. Mwezi mzima nimekulilia kwa ajili ya mkanda, na sasa wewe ndiye unayetaka dunia nzima isikie! Unataka watu wakuchape viboko hadharani, na fimbo iwe sauti ya baba yangu. Hapana. Watapata "sogeza mguu wako" na chai ya maji ya kuogea, inawatosha. Hizo mita kumi na nane ni zangu. Kopo liko juu ya kabati, pale lilipokuwa gitaa. Gitaa nimeliteremsha, nimelipeleka kwa fundi.

Maneno yako niliyasikia. Ni mabaya kama ulivyoandika, na sauti yako ni mbaya zaidi. Lakini nimekulia kwenye ukoo huu, mabaya kama hayo nimeyasikia kila Krismasi. Hayo nimekusamehe kabla mkanda haujafika nusu.

Nyuzi sijakusamehe. Mama amekufa anamlaani mtu aliyekuwa njiani kurudi kwake. Ungeweza kumwambia mwaka wowote. Ungeweza kumwambia ukiwa na keki yake mdomoni. Nikikaa nikifikiria hilo natamani kuja Settle nivunje vioo vya madirisha yako kimoja kimoja, nawe usisikie hata mlio.

Sasa soma hapa. Alichokujibu, mimi nimekisikia. Ngoma zako zinapiga juu yake, lakini Anjali anajua kutenganisha sauti na sauti, akazishusha, akabaki yeye peke yake. Nimesikiliza mara kumi na nne ili nisikosee neno. Kwanza anacheka, Baba Mkubwa. Anacheka kweli, kicheko cha pumzi, kama mtu aliyezoea. Kisha anasema:

"Haya, nakwenda kumlea Lorna. Yeye hata akilia anashika mapigo kuliko wewe. Kesho saa tatu, na hiyo hita naikalia mimi."

Halafu mlango.

Kwa hiyo ujue hakukukasirikia. Aliyekasirika ni mimi. Nikimaliza kukasirika nitakuandikia.

Lorna